Mtu analala shelta, wewe unamdai picha ya sebule!

Kufuli_Bovu (mleta uzi)

Leo sisalimii mtu.

Yule baba mwenye nyumba mnamjua. Sitaji jina, sitaji mtaa, mnamjua. Yule wa bunda la funguo kiunoni, akipanda ngazi mtaa mzima unadhani ng'ombe wa kengele wamerudi zizini. Yule ambaye tangazo lake limeandikwa "familia zote karibuni", ukishasema una vocha simu yake inaingia handaki.

Mama kaenda na vocha halali ya Section 8, ile ya serikali ya Marekani ya kuwasaidia wenye kipato kidogo kulipa kodi ya nyumba. Vyumba viwili, watoto wawili. Fomu ya kuomba nyumba iidhinishwe anayo, upande wake umejaa. Umebaki upande wa mwenye nyumba tu: kodi anayotaka, nani analipa umeme na gesi, nyumba ilijengwa mwaka gani, sahihi. Kazi ya kalamu ya dakika kumi. Bwana mkubwa kaipokea, kaipindua, kaikunja mara nne, akatamka: "Kabla sijasaini, nitumie picha ya sebule yako ya sasa, nijue kama wewe ni msafi."

Picha. Ya. Sebule.

MTU ANATOKA SHELTA! Shelta, yaani hifadhi ya wasio na makazi, kwa familia ni chumba kimoja, vitanda vya chuma na kabati la kufuli. Sebule aitoe wapi, akaazime? Apige picha kochi dukani, na lebo ya bei ikining'inia?

Na sio mzaha tu, kuna saa inakimbia hapo. Vocha inatolewa na siku zisizopungua 60 za kutafuta nyumba, na kuongezewa ni ofisi ya nyumba inayotoa vocha ikipenda. Saa inasimama fomu ikishafikishwa ofisini imejazwa pande zote mbili. Haisimami kwa sababu mwenye nyumba ameanza kuikodolea macho. Kila siku anayoikalia akingoja hiyo albamu, inakatwa kwenye vocha ya mama. Zikiisha, vocha inarudi ofisini, mama anarudi kwenye foleni, na foleni za nyumba Marekani mnazijua: mtoto anaandikishwa akiwa mgongoni, anafika kileleni ana ndevu.

Akaona picha haitoshi, akadai na mshahara mara tatu ya kodi. Kodi ni dola 1,750. Mara tatu ni 5,250 kwa mwezi. Mwenye kipato hicho vocha angepewa na nani? Mama anachomkabidhi mwenye nyumba ni dola 310, zilizobaki ofisi inamwekea benki kila mwezi. Mpangaji wake mkubwa ni serikali! Basi na serikali aiombe picha ya sebule, aende Washington akagonge mlango.

Nimemaliza. Hapana, sijamaliza. PICHA YA SEBULE, wakuu.

---

Siti_ya_Mbele

Nimeshavuta kiti. Mleta uzi kunywa maji kwanza, herufi zako kubwa zinaniumiza macho. Halafu hiyo 310 imetoka wapi? Nijuavyo mimi mpangaji analipa asilimia 30 ya kipato. Au na wewe umepiga picha sebule ya hesabu?

---

Hesabu_Kwanza

Mkuu, 310 inawezekana kabisa. Kipato cha mama baada ya makato yanayoruhusiwa tuseme ni 1,200 kwa mwezi. Asilimia 30 ni 360. Kiwango cha ofisi, yaani kikomo inachokitumia kupigia hesabu ya msaada, kwa vyumba viwili tuseme ni 1,800. Kodi ni 1,750, ofisi inaongeza posho ya umeme na gesi 150 kwa kuwa mama anajilipia, jumla 1,900. Ofisi inachukua kidogo kati ya 1,800 na 1,900, inaondoa zile 360 za mama, inamlipa mwenye nyumba 1,440. Mama anamalizia 310, na zile 150 zinaenda kwenye umeme na gesi. Jumla yake ni 460, asilimia 38 na kitu ya kipato chake.

Shika hapo kwenye 38, maana ndipo watu wanapoanguka. Ikiwa jumla ya kodi na huduma inazidi kiwango cha ofisi, familia inapoanza kupanga hairuhusiwi kubeba zaidi ya asilimia 40 ya kipato chake. Yule bwana akipandisha kodi hadi 1,800, mzigo wa mama unakuwa 510, sawa na 42.5. Fomu inakataliwa. Kwa hesabu hii dari ni 1,770. Ikizidi hapo hata dola moja, nyumba imeondoka.

Sasa utamsikia dalali: "Andika 1,750 kwenye fomu, hamsini utanipa pembeni." Usithubutu. Hela ya pembeni ni marufuku kwenye mkataba wa ofisi na mwenye nyumba. Ikijulikana, mwenye nyumba anairudisha na familia inaweza kupoteza vocha.

---

Kufuli_Bovu

Nani kaomba darasa la hesabu? Nazungumzia PICHA YA SEBULE. Mtu mzima, mvi kichwani, anamwambia mama mbele ya watoto wake "nijue kama wewe ni msafi". Mtoto mkubwa kauliza, "Mama, sebule ndiyo ile ya wapi?"

---

Mwenye_Paa

Mimi nasimama upande wa wenye nyumba, nitukaneni. Picha ni ujinga, sikatai. Lakini mnadhani kwa nini watu wanakimbia vocha?

Unasaini fomu. Ofisi inapima kwanza kama kodi inalingana na nyumba za jirani zisizo na vocha. Halafu unasubiri mkaguzi. Halafu mkataba. Nyumba iko tupu muda wote huo, na kwa kawaida ofisi hailipi hata senti kwa siku za kabla nyumba haijapita ukaguzi. Ukiwa na haraka ukaingiza mpangaji mapema, siku hizo ni kati yako na yeye, na yeye hana.

Halafu karatasi. Jina kwenye hati ya nyumba, jina kwenye fomu ya kodi ya mapato W-9 na jina la akaunti ya benki yanatakiwa yasome sawa. Hati ikiwa ya kampuni na akaunti ni yako binafsi, malipo ya kwanza yanakwama, na hakuna anayekupigia simu kukwambia. Mwaka wa kwanza hupandishi kodi, na ukitaka kupandisha baadaye unaipa ofisi taarifa siku 60 kabla. Mtu wa mshahara anakuja na hundi leo, anahamia Jumamosi. Kati ya hao wawili wewe ungechukua nani?

---

Tochi_Mkononi

Mwenye_Paa, ukaguzi unachelewa kwa sababu mnafeli vitu vya dola tano halafu mnasubiri miadi ya pili. Kila siku ni vilevile: king'ora cha moshi kimenyofolewa betri kwa sababu kilikuwa kinalia jikoni. Soketi haina kifuniko. Dirisha la chini halifungi. Ngazi zina vidato vinne au zaidi na hazina reli ya kushika. Mlango una kitasa cha kufungulia kwa ufunguo hata ukiwa ndani, moto ukitokea familia inatafuta ufunguo gizani. Hita ya maji haina lile bomba la kwenye vali ya usalama linaloshuka hadi karibu na sakafu, vali ikifunguka maji ya moto yanamrukia mtu usoni. Kama kuna jiko la gesi, hita ya mafuta au gereji iliyoshikana na nyumba, king'ora cha kaboni monoksaidi ni lazima tangu Desemba 2022, na bado watu wanashangaa.

Nyumba ya kabla ya 1978 na kuna mtoto chini ya miaka 6, rangi inayobanduka haina mjadala, kwa sababu ya madini ya risasi (lead) yaliyomo kwenye rangi za zamani. Na usikwangue makavu usiku wa kuamkia ukaguzi, hilo vumbi ndilo sumu yenyewe.

Tembea nyumba yako na orodha siku moja kabla. Saa moja inatosha. Ila kuna wale wanaohamisha jokofu moja kutoka nyumba hadi nyumba, mkaguzi akiondoka nalo linaondoka. Jokofu lina mkwaruzo mlangoni, kila mkaguzi ameshalizoea, wanakaribia kulisalimia.

---

Siti_ya_Mbele

Hilo jokofu nalijua. Ni la yule yule wa funguo.

---

Kufuli_Bovu

NDIYE! Asante. Huyo huyo wa jokofu la kutembea ndiye anayewauliza watu usafi!

---

Kifungu_na_Aya

Mnapiga kelele badala ya kuuliza swali moja: nyumba iko jimbo gani? Sheria ya taifa ya haki ya makazi haimlindi mtu kwa sababu ya vocha. Jimbo au mji ndio unaolinda. New York ilitunga sheria ya jimbo zima 2019. California tangu Januari 2020. Illinois tangu Januari 2023. Huko kukataa vocha ni ubaguzi wa chanzo cha kipato, kama unakataa pensheni.

Na ile mara tatu ya kodi, California inapigwa kwenye sehemu anayolipa mpangaji, sio kodi nzima. Mara tatu ya 310 ni 930, mama wa 1,200 anapita anacheka. Tangu 2024 huko huko, mwenye nyumba hamkatai mtu wa vocha kwa rekodi ya mikopo bila kumpa nafasi ya kuonyesha ushahidi mwingine kwamba sehemu yake ataimudu.

Dawa ni maandishi. Asipige simu, atume ujumbe: "Nina vocha, nyumba bado ipo? Mnapokea vocha?" Jibu likija ahifadhi, na tangazo alihifadhi kabla halijafutwa, tarehe ionekane. Hivyo viwili ndivyo ofisi ya haki za binadamu ya mji au jimbo inavyoanza navyo. Hasira za kwenye uzi hazipokelewi kaunta.

---

Buti_la_Texas

Huku Texas hayo maneno yako, kaka, ni hadithi za mbali. Tangu 2015 sheria ya jimbo inaizuia miji kutunga katazo la namna hiyo, isipokuwa kuwalinda maveterani. Mwenye nyumba anakwambia usoni "sichukui vocha" na anakutakia siku njema. Ninyi mna sheria mnalia, sisi tulie nini?

---

Chai_Rangi

Dada mleta uzi, umeandika vizuri ila bado hujaona kitu. Njoo kwenye vocha za dharura, zile 70,000 za sheria ya 2021 kwa watu wasio na makazi. Zilikuja tamu: ofisi ikapewa dola 3,500 kwa kila vocha za kusaidia amana, ada za maombi, hata kumbembeleza mwenye nyumba. Siku za kutafuta zikawa 120. Tangu mwisho wa Septemba 2023 vocha hiyo ikiachwa na familia moja haipewi nyingine. Mwaka 2025 HUD, wizara ya makazi ya Marekani, ikaziambia ofisi mgao wa mwaka huo ndio wa mwisho. Watu wamekaa, watoto wako shule, mwenye nyumba anauliza "hela zikikata nani analipa?" na safari hii swali lake ni la haki. Wewe unalia picha.

---

Kufuli_Bovu

Kwa hiyo picha ni sawa?

---

Dalali_Mstaafu

Hakuna aliyesema ni sawa, dada, tulia. Mimi langu ni New York. Enzi zangu vocha ya mji, CityFHEPS, ilikuwa inalipa dalali hadi asilimia 15 ya kodi ya mwaka, na amana sio taslimu, ni karatasi ya dhamana. Kodi ikiwa 2,400, mwaka ni 28,800, dalali alipata hadi 4,320. Basi kulikuwa na madalali wanamwambia mama alipe "ada ya kushikilia nyumba" kwanza. Mji wenyewe ulikuwa na motisha ya kodi ya mwezi mmoja kwa mwenye nyumba ili aishikilie wakati karatasi zinatembea! Hela imeshalipwa, walitaka kuilipisha mara ya pili kwa mtu wa shelta.

---

Mwenye_Paa

Madalali ndio wanaotuharibia jina. Andika hilo kwa herufi kubwa, kama za mleta uzi.

---

Dalali_Mstaafu

Na wenye nyumba mnaotuambia "niletee wa vocha, ila asiwe na watoto" ndio watakatifu? Hilo limekatazwa taifa zima.

---

Mwenye_Paa

Sijawahi kusema hivyo. Tochi, nisaidie kitu kabla sijapandwa na presha. Nobu moja ya jiko imepotea, jiko ni la zamani, moto unawaka vizuri kwa koleo. Nitafeli?

---

Tochi_Mkononi

Utafeli. Kila figa liwe na nobu yake. Na koleo usiliache pale juu, wakaguzi wote wameshaliona.

---

Chai_Rangi

Usinunue zile za "zinaingia majiko yote". Tafuta namba ya modeli kwanza, vuta droo ya chini au fungua mlango wa oveni, imebandikwa kwenye fremu. Halafu chungulia tundu la nobu iliyobaki, lina umbo la D. Upande bapa ukikosea, nobu itasoma "zima" wakati gesi imefunguka.

---

Mwenye_Paa

Nimechomoa moja. Upande bapa uko chini ikiwa imezimwa. Hiyo ni kawaida?

---

Chai_Rangi

Inategemea kampuni. Lako ni la gesi tupu au oveni ya umeme? Nobu ya oveni na ya figa hazifanani hata kwenye jiko moja.