Umewahi kukuta kazi yako inauzwa na mtu usiyemjua? Tupeane uzoefu

Mkata Filamu
Wakuu, habari za jioni. Jana nilipanda daladala ya Gongo la Mboto, nikasimama nyuma ya kijana aliyekuwa anaangalia filamu kwenye simu. Nikaona mkono wa mama yangu mdogo unamimina chai. Ni filamu yangu. Tuliipiga Tanga mwaka 2011, na ile chai ilimiminwa sebuleni kwetu Ngamiani. Pembeni ya kioo kuna nembo ya chaneli ya Telegram nisiyoijua. Sikumwambia kitu yule kijana, kwa sababu alikuwa anacheka palepale tulipotaka watu wacheke.

Usiku usingizi haukuja, nikaikumbuka safari ya 2012. Nilikuwa nimeuza kiwanja changu cha Pongwe ili filamu ile ikamilike. Msambazaji alipanga iingie sokoni Jumatatu. Jumamosi yake nikapanda basi Ubungo kwenda Mwanza, begi limejaa mabango. Tulipoipita Chalinze kondakta akaweka diski, na jina la filamu yangu likatokea mbele ya basi zima. Nikasimama nikamwambia, "Kaka, hiyo kazi ni yangu, haijatoka bado." Akaniambia nikae, abiria wanaangalia. Mama mmoja wa kiti cha jirani akanishika mkono: "Mwanangu, tuache tuone mwisho." Nikakaa. Kabla hatujafika Singida ikarudiwa mara ya pili, maana kuna waliokuwa wamelala.

Waliokuwa na nakala wakati ule ni mhariri, mchapaji wa makava na msambazaji. Mpaka leo sijajua ilivujia kwa nani. Hesabu niliyoletewa baada ya miezi mitatu haikumaliza hata deni la kukodi kamera.

Aliyepitia haya aandike, nataka kujua wenzangu mlifanyaje.

Mama Riwaya
Pole sana mkuu. Hapo kwenye "tuache tuone mwisho" nimeelewa kila kitu.

Kipusa wa Pwani
Nipo hapa nasoma. Yangu ni ya kanda za qaswida, nitarudi baada ya isha.

Mwanjelwa Zamani
Mtoa mada, mimi nilikuwa upande wa pili, na nimeona bora niseme. Nilichoma CD Mbeya kuanzia 2008 hadi 2014. Nilikuwa na mashine inayochoma diski saba kwa mpigo, na kava natoa kopi ya rangi stesheneri. Diski tupu nanunua 300, nauza 1,000. Ile original ilikuwa inafika Mbeya baada ya wiki mbili, tena nakala chache, zinaishia maduka ya mjini. Mtu wa Tukuyu au Chunya hakuwa na pa kuipata. Mimi nilikuwa nayo siku ya pili, inaletwa na basi la usiku. Stempu za kodi za TRA, mamlaka ya mapato, zilipoanza 2013 tulisumbuka kidogo, halafu tukaendelea, kwa sababu mteja wa mtaani hakuwa anatazama stempu, anatazama kama picha inaonekana. Nilisomesha wadogo zangu wawili kwa kazi ile.

Fundi Mitambo 3
Kusomesha wadogo zako kwa jasho la mwenzako unakuja kutangaza hapa? Huyu kauza kiwanja!

Mwanjelwa Zamani
Sijatangaza, nimeeleza. Mimi sikuwajua waliotengeneza. Kwetu sisi ilikuwa diski tu.

Tabora Kwetu
Mchomaji ana hoja. Wasambazaji walikuwa wachache, wote Kariakoo, mikoani wanapeleka wanavyotaka. Mwaka 2017 waigizaji waliandamana Kariakoo wakidai filamu za nje zisizolipiwa ushuru ndizo zinawaua. Hizo za nje zikiondoka, anayekaa Urambo ataipata wapi ya kwako? Hilo halikujibiwa.

Fundi Mitambo 3
Filamu ya nje inauzwa kumi kwenye diski moja kwa bei ya soda. Ya kwako umelipa waigizaji, chakula, mafuta ya jenereta. Utashindana naye vipi? Walikuwa na haki kuandamana.

Tabora Kwetu
Basi na tuliokuwa tunaangalia vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video mtaani, kwa 200 tungeandamana pia, maana ukitoa zile za nje zilizotafsiriwa hatukuwa na kitu kingine.

Mama Riwaya
Jamani, wa vitabu tumesahaulika. Riwaya yangu niliichapa kwa pesa yangu, nakala 500. Mwaka juzi nikaunganishwa kikundi cha WhatsApp cha wapenda riwaya. Siku ya pili msimamizi akanitumia ujumbe kwamba nilipe 500 nipewe PDF ya kitabu kizuri. Nikafungua picha ya jalada, ni changu. Mtu alikaa akapiga picha kurasa zote 184 kwa simu, kidole gumba chake kinaonekana chini ya kila ukurasa. Nililia. Nikamwandikia kwamba mwandishi ni mimi. Akajibu, "Dada hongera, watu wamekipenda," kisha akanitoa kwenye kikundi.

Ngoma Haijai
Ushauri wangu: weka kazi yako YouTube mwenyewe siku ya kwanza kabla hawajaiweka wao.

Mzee wa Mabango
Usiweke YouTube hata siku moja. Onyesha kwanza ukumbini, tembea nayo mkoa kwa mkoa, chaji mlangoni.

Ngoma Haijai
Ukumbi upi? Kwetu ulishakuwa kanisa.

Binti Solo
Nimesoma uzi huu tangu jana, mikono inatetemeka. Naomba mnivumilie, ni ndefu.

Baba yangu alipiga gitaa la solo kwenye bendi ya dansi hapa Dar miaka ya 70. Wimbo wake mmoja mpaka leo unapigwa kwenye harusi, mtu mzima yeyote akisikia lile gitaa la mwanzo anainuka. Mwaka 2016 figo zikakataa. Tulikuwa tunachangishana ukoo mzima apate kusafishwa damu, wiki nyingine inapatikana, nyingine haipatikani. Usiku mmoja niko naye wodini, simu ya nesi ikaita mfukoni. Mlio ni gitaa la baba. Alikuwa hajaongea siku mbili. Akafungua macho, na vidole vya mkono wa kushoto vikaanza kutembea juu ya shuka, anabonyeza nyuzi. Nesi akazima simu akaomba radhi kwa kelele. Sikuweza kumwambia. Baba alifariki siku kumi na moja baadaye, na pesa ya ule wimbo kuna mtu alikuwa anaila.

Baada ya arobaini nikachukua kanda yake ya kaseti, nikapandisha nyimbo nne YouTube na picha yake. Siku mbili hazijaisha ukaja ujumbe kwamba wimbo una mwenyewe, na mapato yatakwenda kwake. Nikapinga. Aliyenijibu kwamba amekataa ni huyohuyo anayedai. Nikakata rufaa, akaomba video iondolewe, ikaondolewa na mimi nikapewa onyo. Na ya pili vivyo hivyo. Nikaambiwa nikipata la tatu ndani ya siku 90 chaneli inafungwa. Mimi, mtoto wake, ndiye mwizi. Nikazitoa mbili zilizobaki kwa mkono wangu.

Mkata Filamu
Dada, mimi nimeacha kufikiria la kwangu. Huyo anayedai ni nani?

Kipusa wa Pwani
Ya Rabi. Vidole juu ya shuka.

Ngoma Haijai
Ndiyo shida ya Content ID, mfumo wa YouTube wa kutambua kazi zenye wenyewe. Inatambua sauti, haimtambui mtunzi. Aliyetangulia kuusajili wimbo kupitia kampuni ya usambazaji ndiye mfumo unamwita mwenyewe.

Sheria Mkononi
Binti Solo, usikate tamaa. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, haki inazaliwa kazi inapotungwa, si inaposajiliwa. Usajili wa COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ni ushahidi, na ni vizuri kuwa nao. Hakimiliki inaishi maisha ya mtunzi na miaka 50 baada yake. Kama mzee alifariki 2016, warithi mnayo hadi mwisho wa 2066. Chukua barua ya usimamizi wa mirathi mahakamani kwanza, bila hiyo kila ofisi itakuuliza wewe ni nani. Ukiwa nayo, unaweza kuwajibu YouTube kwa taarifa rasmi ya kupinga, na hapo mdai analazimika kuonyesha amekwenda mahakamani.

Tabora Kwetu
Lakini wimbo wa bendi si wa mpiga solo peke yake. Kuna mwimbaji, kuna besi, kuna mwenye vyombo. Tusimpe dada matumaini hewa.

Sheria Mkononi
Wapigaji hupata hakishiriki, yaani haki ya waliopiga na kuimba, katika rekodi. Hakimiliki ya wimbo ni ya aliyetunga. Swali ni nani alitunga.

Binti Solo
Alitunga baba. Daftari lake ninalo, maneno kwa mwandiko wake, na mstari mmoja amekata akaandika jina la mama. Ila daftari halina tarehe, na wenzake wa bendi wote wametangulia.

Mwanjelwa Zamani
Dada, CD za zilipendwa nilichoma nyingi sana. Huenda na huo ulikuwemo. Nisamehe.

Santuri 45
Salamu kutoka Nairobi. Binti Solo, santuri nyingi za dansi la Tanzania za miaka hiyo zilichapwa huku, na karatasi ya katikati huwa na jina la mtunzi kwenye mabano chini ya jina la wimbo. Ninazo zaidi ya mia nne nyumbani. Nitumie PM jina la wimbo na jina la mzee kamili, kesho Jumapili niko nyumbani, nitazitoa moja moja.

Binti Solo
Nimekutumia.