Tupeane uzoefu: tetemeko la Kagera, nyufa, turubai na lenta

Rwamishenye
Wadau, leo kuna mtu kauliza kama nyumba ya tofali za kuchoma yenye ufa kwenye kona inafaa kukaliwa. Nikakumbuka ile Jumamosi, 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri. Tetemeko la ukubwa 5.9, kina cha kilomita 40 hivi, ndiyo maana hadi Kampala, Kigali na Kisumu walitikiswa. Tuandike kilichosaidia na kilichoharibu, mwenye nyumba Bukoba au Missenyi apate pa kuanzia.

Mwashi wa Kashai
Naanza na nyufa, maana hapo ndipo wengi walipotapeliwa. Ufa mwembamba kama unywele, bandua lipu upana wa kiganja. Tofali la chini likiwa zima, piga lipu upya, endelea na maisha. Ufa unaopanda ngazi ngazi kufuata viungo vya tofali, au unaopiga X kati ya dirisha na dirisha, huo ukuta umekatika. Mbaya kuliko yote ni ufa wa wima kwenye kona, mpana juu, mwembamba chini. Hapo kuta mbili zimeachana, kila mmoja umesimama kivyake.

Kujua kama ufa bado unatembea: chukua kipande cha kioo cha dirisha, kikatishe juu ya ufa, gandisha ncha zote mbili kwa saruji nzito, andika tarehe. Kioo kikipasuka, nyumba bado inacheza. Angalia kila siku kwa wiki tatu, na mvua zikianza usiache, maana udongo ukilowa msingi nao hushuka.

Kibeta Juu
Kweli kabisa hiyo ya kioo. Ila kwangua rangi na lipu kwanza hadi kwenye tofali. Kioo kilichoshikwa na rangi hakisemi kitu.

Nshomile77
Mnazunguka. Tatizo ni kujengea udongo. Ingekuwa saruji tusingekuwa na mjadala huu. Na nyumba za msonge za wazee wetu hazikufukia watu.

Mwashi wa Kashai
Saruji peke yake haitoshi, mkuu. Tofali la kuchoma likijengwa kavu linanyonya maji yote ya mota (saruji na mchanga wa kuunganishia tofali), inabaki unga. Vunja ukuta wa namna hiyo uone, tofali linatoka safi kabisa, halina hata doa la saruji. Loweka kwenye pipa mpaka mapovu yaishe, ndipo ujenge. Na mota iliyokorogwa asubuhi isiongezwe maji mchana ionekane mpya. Imeshakufa hiyo.

Kyaka Darajani
Msonge ni miti na nyasi, ni nyepesi, inapinda. Lakini nani leo anapata nyasi za kuezekea na miti isiyoliwa na mchwa? Tuongelee nyumba tulizonazo.

Nshomile77
Sijasema tujenge msonge. Nimesema uzito ukiwa juu ndio unaoua. Soma vizuri.

Hamugembe Chini
Kwa hilo la uzito wa juu namuunga mkono. Kuna nyumba moja ambayo kuta zote nne zilibaki wima na mabati hayakuhama. Kilichoanguka ni ile pembetatu ya tofali juu ya baraza, kozi (mistari ya tofali) kumi na mbili hivi, chini yake hakuna lenta, yaani mkanda wa zege na nondo juu ya milango na madirisha, kenchi (mbao zinazobeba paa) zimeegeshwa tu. Ilikuja nje yote kwa pamoja, ikatua kwenye ngazi za mlango mkubwa. Mama wa nyumba alikuwa ameshatoa watoto wawili, akarudi kwa wa tatu aliyelala. Alipokanyaga ngazi naye mgongoni, tofali zikamfikia. Majirani walijipanga mstari wakapokezana tofali moja moja, hawakutumia jembe wala sululu. Mtoto alitoka hai, vumbi jekundu limejaa mdomoni na puani. Mama paja lilivunjika. Walimfunga mbao mbili, ya nje kutoka kwapani hadi kisigino, ya ndani kutoka kwenye kinena, kwa vitenge vilivyochanwa, mguu ule ukafungwa pamoja na mzima. Wakambeba juu ya ubao wa mlango.

Kibeta Juu
Mungu wangu. Mtoto anaendeleaje?

Hamugembe Chini
Mzima, anasoma. Mama anachechemea kidogo.

Mama K
Waitu, poleni sana. Ndiyo maana tunasema ardhi ikitikisika simama kwenye fremu ya mlango, usitoke mbio.

Afya ya Kata
Hapana, dada. Fremu zetu ni mbao tu zilizochomekwa ukutani, hazibebi kitu. Ukiwa hatua mbili tatu kutoka mlangoni na nje ni wazi, toka, usisimame barazani, fika mbali na ukuta mara moja na nusu ya urefu wake. Ukiwa chumba cha ndani, ingia chini ya meza imara, shika mguu wake, kinga shingo.

Kyaka Darajani
Mimi nasema toka tu, meza zenyewe ziko wapi?

Afya ya Kata
Basi lala chini ubavuni mwa kitanda, si chini ya dirisha. Na baada ya hapo, waliolala nje: turubai la mita 4 kwa 6 lifungwe na mgongo katikati, maji yasituame, mchimbe mfereji wa kina cha sentimita 15 kuzunguka. Jiko la mkaa lisiingie humo hata dakika tano, hewa yake haina harufu na inaua mtu usingizini. Choo cha shimo kikaguliwe kabla mtu hajaingia, gonga sakafu kwa mti mrefu ukiwa nje. Maji ya kisima yakibadilika rangi, chemsha.

Mama K
Na zile meseji kwamba kubwa zaidi linakuja saa fulani?

Afya ya Kata
Futa. Hakuna chombo duniani kinachotaja saa. Mitetemo midogo huendelea kwa wiki, ukuta uliokatika unaweza kumalizikia hapo. Mwenye ufa wa kona alale nje. Mwenye ufa wa lipu arudi ndani.

Rwamishenye
Tushukuru ilikuwa Jumamosi. Ihungo na Nyakato majengo yaliharibika mpaka shule zikafungwa na wanafunzi wakahamishwa. Mwashi, malizia upande wa ujenzi.

Mwashi wa Kashai
Pembetatu za tofali bomoeni zote hadi usawa wa lenta, zibeni kwa mbao na bati. Ni kazi ya siku moja. Ukuta wenye ufa wa ngazi: bandua lipu sentimita 30 kila upande wa ufa, jaza mota, pigilia wavu wa chuma ndani na nje, piga lipu ya saruji moja kwa mchanga tatu, mwagilia siku saba. Nyumba mpya: mkanda wa lenta uzunguke kuta zote, za ndani pia, nondo nne za milimita 12, ringi (vyuma vya kuzifunga nondo pamoja) kila sentimita 15, zege la saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne.

Kyaka Darajani
Nondo za 10 hazifai? Bei imepanda.

Mwashi wa Kashai
Chumba cha mita tatu, bila ghorofa, nne za 10 zinapita. Si unene unaoangusha, ni kona. Mafundi wengi wanakata nondo pale kona inapoishia, wanalaza nyingine juu yake, basi. Zipinde ziingie ukuta wa pili sentimita 60, zifungwe kwa waya.

Kibeta Juu
Na pale ukuta wa ndani unapokutana na wa nje?

Mwashi wa Kashai
Nondo za ukuta wa ndani zipite ndani ya mkanda wa nje mpaka zishike nondo ya upande wa nje kabisa, ndipo zipinde. Zikiishia kwenye nondo ya ndani, ukuta wa nje unachomoka.