Mwanafunzi yupo darasani lakini hayupo: utoro huanzia wapi?

MwalimuWaKusini

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninafundisha jiografia katika shule ya sekondari ya kata mkoani Lindi, na mwaka huu nimekabidhiwa darasa la Kidato cha Pili. Kila mwisho wa mwezi hujaza taarifa ya mahudhurio, na katika safu ya sababu tunarudia neno moja tu: utoro. Mwanafunzi akikosekana siku 90 mfululizo bila taarifa huhesabiwa kuwa ameacha shule, jina lake hufutwa, nasi tunaendelea na waliobaki.

Kinachonisumbua ni kwamba wanafunzi wanne niliowapoteza tangu Januari hawakuondoka ghafla. Nilipofungua daftari la mahudhurio la mwaka jana niliona kwamba walianza kwa kukosa Jumatatu, wakafuatia kukosa siku za gulio, kisha wiki nzima katika msimu wa ufuta. Na hata walipokuwapo walikaa nyuma kabisa, hawakuuliza wala hawakujibu, na madaftari yao yalikuwa na tarehe na kichwa cha somo, basi. Mmoja wao, msichana, alimaliza darasa la saba akiwa miongoni mwa watatu bora wa shule yake.

Ada ilifutwa tangu 2016, kwa hiyo jibu la umaskini peke yake halinitoshelezi, ingawa silikatai. Ni nini humtoa mtoto shuleni kabla miguu yake haijatoka? Na mwalimu mwenye wanafunzi zaidi ya 60 katika mkondo mmoja aliangalie wapi jambo hilo mapema?

BabuChaki

Mwalimu, nakupongeza kwa kulifungua daftari la mwaka jana, maana wengi wetu tulilifunga Desemba na hatukulitazama tena. Mimi ni mstaafu. Nimefundisha Masasi na Nachingwea hadi nywele zikageuka.

Anza na huyo msichana. Mtihani alioufaulu darasa la saba, ukiondoa somo la Kiingereza, ulikuwa wote kwa Kiswahili. Januari iliyofuata akakuta biolojia, historia, hisabati na hiyo jiografia yako, vyote kwa Kiingereza, na kozi ya wiki chache ya kumwandaa haiwezi kuziba pengo la miaka saba. Mtoto aliyekuwa akieleza vizuri jinsi mvua inavyotokea anaulizwa jambo lile lile naye anainamisha kichwa, si kwa sababu amelisahau, bali kwa sababu hana maneno ya kulisema na anaogopa kuchekwa. Akikaa kimya muhula mzima, sisi walimu humwandikia kwenye ripoti kwamba ni mtulivu na mwenye adabu.

Niseme na la kwangu. Shuleni tulikuwa na kibao cha mbao alichovalishwa mwanafunzi yeyote aliyekamatwa akizungumza Kiswahili, na aliyekutwa nacho jioni alichapwa. Kibao hicho nilikichonga kwa mkono wangu. Tulidhani tunawafunza lugha, lakini waliojua Kiingereza waliendelea kukijua, na wasiokijua wakajifunza kunyamaza hata wakati wa mapumziko.

Jambo la pili ni ndugu waliotangulia. Katika mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka 2012 zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri, hadi matokeo yakapangwa upya. Kijijini, kaka aliyerudi na sifuri ndiye anayempa mdogo wake picha ya sekondari, hata mwalimu mkuu ahubiri vipi mstarini.

MamaWaKilwa

Shikamoo Babu, na wewe Mwalimu habari za kazi. Suala la lugha silipingi, ila mimi ni mzazi na ningependa tusilivuke tumbo haraka hivyo.

Mwanangu alikuwa akiondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, giza bado, na kurudi karibu na magharibi bila kutia kitu kinywani, kwa sababu uji wa shuleni ulitolewa kwa waliochangia tu. Ni kweli kwamba ada haipo, na Januari 2018 Serikali ilipiga marufuku michango ya lazima. Lakini sare ni fedha, madaftari ni fedha, na mtoto ambaye jina lake husomwa mbele ya wenzake kwamba mzazi wake hajachangia mahindi hahitaji kufukuzwa, atajiondoa mwenyewe. Mtoto mwenye njaa huonekana mvivu saa sita mchana hata mkimfundisha kwa Kiswahili kitupu.

Kwa sababu ya umbali tulimpangia geto karibu na shule pamoja na wenzake wawili. Hapo nilikosea, nakiri. Mtoto wa miaka 14 anajipikia, anajilipia mafuta ya taa na hana mtu mzima wa kumuuliza amelala saa ngapi. Ukija msimu wa korosho, tajiri wa shamba anamwita akaokote kwa ujira. Mwezi wa Novemba niliambiwa hajaonekana darasani, na barua ya shule ilinifikia Januari. Nauliza kwa heshima: siku zote hizo, aliyekuwa akiita majina aliona nini?

AliyerudiDarasani

Nimesoma maelezo yenu nikajiona. Mimi niliacha shule nikiwa Kidato cha Tatu, mwaka 2015, na sababu iliyoandikwa ni ujauzito. Si uongo, lakini ni sababu iliyokuja mwisho. Nilikuwa nimeshaondoka mwaka mmoja kabla.

Tangu Kidato cha Pili nilikuwa nafika mstarini, naitika jina, kisha nahesabu vipindi hadi kengele ya mwisho. Nilikuwa nimeachwa nyuma katika hisabati, na kila mwalimu mpya alianzia pale mwenzake alipoishia bila kuuliza nani bado yuko njiani. Mtu wa kwanza aliyeniuliza ninafikiri nini juu ya jambo lolote hakuwa mwalimu, alikuwa dereva wa bodaboda. Yaliyofuata mnaweza kuyakamilisha wenyewe.

Wakati huo mlango ulikuwa umefungwa, na mwaka 2017 tukasikia tamko kutoka juu kwamba mwenye mtoto hatarudi shuleni. Ruhusa ya kurejea katika mfumo rasmi ilitangazwa Novemba 2021, mimi nikiwa nimeshapita upande wa pili. Nilisoma jioni katika kituo cha elimu ya watu wazima, nikafanya mtihani wa maarifa, ule unaomruhusu aliye nje ya shule kujisajili kwa mtihani wa Kidato cha Nne, halafu Kidato cha Nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mwalimu wetu wa pale alieleza kila kitu kwa Kiswahili kwanza, kisha akatupa maneno ya Kiingereza ya kuandikia jibu. Hesabu zilezile zilizonishinda nikiwa na sare nilizifanya nikiwa nimembeba mtoto.

JiraniWaKwale

Hamjambo nyote. Naandika kutoka Pwani ya Kenya, ambako sera ya kumrejesha shuleni msichana aliyejifungua ipo tangu 1994 na karo ya msingi iliondolewa 2003. Huku kwetu, katika shule ninayoifahamu, wanaonyamaza zaidi siku hizi ni wavulana. Akishaleta nyumbani fedha ya bodaboda siku mbili tatu, babake huanza kumwamkia kama mtu mzima, na shule haina heshima kama hiyo ya kumpa. Mzazi wa Kilwa, hilo la uji nalijua vyema.

MwalimuWaKusini

Nawashukuru wote. Mama, swali lako limenichoma, na jibu la kweli ni kwamba aliyekuwa akiita majina aliona nafasi tupu akaweka alama, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nikifanya hata mimi. Tangu Ijumaa iliyopita nimeanza kuhesabu siku za kukosekana kwa wiki, nisingoje mwisho wa mwezi, na yeyote aliyekosa Jumatatu mbili namwita peke yake, pasipo fimbo wala mwalimu wa nidhamu. Pia niliwaambia wanafunzi waulize maswali kwa lugha yoyote. Siku ya kwanza hakuna aliyeuliza. Juzi mmoja wa nyuma aliuliza kwa nini upepo wa kusi huja na baridi, nikatumia kipindi chote hapo, silabasi itanisamehe.

Yule msichana nimeelezwa kwamba huuza maandazi gulioni. Jumamosi nitakwenda. Mtendaji wa kijiji amejitolea kunisindikiza, lakini nasita. Babu, ungeanzaje mazungumzo hayo?

BabuChaki

Usiende na mtendaji. Mzazi akimwona ataona kesi, na binti atahamishiwa kwa shangazi kabla ya jua kuzama. Nenda peke yako, nunua maandazi, uliza hali ya mama yake. Shule aitaje yeye, hata kama itakuwa gulio la tatu.