Ndege wahamao wa Mida na Sabaki: twende siku gani mwezi wa Aprili, na maji yakiwa vipi?

Mwalimu wa Kilifi aliuliza:

Salaam nyingi kwenu, wapenzi wa ndege. Ninafundisha shule ya upili katika Kaunti ya Kilifi, na ninakilea chama cha mazingira chenye wanafunzi 22. Mwaka jana niliwapeleka kwenye hori la Mida, karibu na Watamu, katikati ya mwezi wa Mei, kwa sababu Siku ya Ndege Wahamao Duniani huadhimishwa Jumamosi ya pili ya mwezi huo nami nikadhani hakuna wakati ulio bora zaidi. Tulifika saa nne asubuhi, tukakuta maji yamefunika tope lote. Katika saa mbili tulizokaa tuliona kulasitara wawili na vitwitwi wachache wa rangi ya kijivu waliokuwa mbali mno. Wanafunzi walirudi wakiamini kwamba habari za maelfu ya ndege wanaotoka Siberia hadi kwetu zimetiwa chumvi, na hilo limenikaa moyoni tangu siku hiyo.

Mwaka huu ningependa kuwapeleka tena katika likizo ya Aprili. Naomba mnielekeze siku za kuchagua, hali ya maji inayofaa, na ndege ambao mtu asiye na uzoefu anaweza kuwatambua kwa yakini. Tuna darubini sita za mkononi, na hatuna darubini kubwa ya miguu mitatu.

Mwongozaji wa Watamu alijibu:

Mwalimu, pole kwa safari ile. Vilivyoiharibu ni tarehe na maji, na yote mawili yanarekebishika.

Nianze na tarehe. Ndege wengi wa ufukweni wanaotoka Siberia na Asia ya Kati huanza kutufikia Agosti na Septemba, hukaa nasi kaskazi lote, kisha huondoka makundi kwa makundi baina ya katikati ya Aprili na siku za mwanzo za Mei. Katikati ya Mei mlikuwa mmechelewa. Siku ninazozipenda mimi ni za kuanzia mwisho wa Machi hadi wiki ya tatu ya Aprili, wakati wa malelezi, kaskazi limekwisha nguvu na kusi halijashika sawasawa. Masika nayo hukaribia wakati huo, kwa hiyo kila mtoto awe na koti la mvua.

Sasa maji, ambayo kwangu ni jambo kubwa kuliko yote. Wavuvi wetu hawaulizi saa kabla ya kuuliza mwezi, na mtazamaji wa ndege anapaswa kuwaiga. Bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kwa wingi kabisa, huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama, na tena baada ya mwezi mpevu. Siku hizo kwa pwani yetu maji hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi, na hujaa karibu na saa kumi alasiri. Siku za maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo tu, mambo hugeuka, maji yakajaa karibu na saa nne asubuhi, na kwa maelezo yako ninaamini kabisa kwamba mlifika katika siku hizo. Baina ya bamvua na maji mafu, saa ya kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo mtu mwenye kujua mwandamo wa mwezi anaweza kuhesabu mwenyewe. Kumbuka pia kwamba mlango wa hori ni mwembamba, na maji ya bahari kuu huchukua muda kupenya na kuenea ndani, hivyo saa utakazoziona katika jedwali la maji la Mombasa uzicheleweshe kidogo ukiwa Mida.

Maji yakipwa kabisa si wakati mzuri kwa kundi lenye darubini za mkononi. Hori lote, pamoja na mikoko yake, lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 32, na tope likiwa wazi ndege hutawanyika kwa ajili ya chakula hadi wawe nukta tu. Maji yanapoanza kurudi, huwasukuma ndege hatua kwa hatua kuelekea ukingo wa mikoko, na hapo ndipo wanapokujia wenyewe. Chagua siku ya bamvua, mfike saa saba mchana mkiwa mmekwisha kula, mpite kwenye daraja la mbao linaloning'inia kati ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia, mkae kimya mpaka saa tisa u nusu. Kwa kuwa daraja hilo liko upande wa magharibi wa hori, jua la alasiri litakuwa nyuma yenu na rangi za ndege zitaonekana vizuri. Kiingilio cha daraja husaidia kulipa karo za wanafunzi wa sekondari wanaoishi kandokando ya Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke, jambo ambalo wanafunzi wako watapenda kulijua.

Mkaazi wa Muscat alijibu:

Assalaam aleykum, Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Unguja ninayeishi Oman, na nimesoma maswali yako kwa furaha kwa sababu yuko ndege mmoja anayetuunganisha, nyinyi wa Mida na sisi wa huku. Wanafunzi wako wakimjua huyo peke yake, safari yao itakuwa imefaulu.

Namkusudia mla kaa, ambaye kwa jina la kisayansi huitwa Dromas ardeola. Hafichiki. Mwili wake ni mweupe pe, mgongo una weusi, miguu ni mirefu yenye rangi ya kijivu inayoelekea samawati, na mdomo wake mweusi ni mnene na mzito kuliko wa ndege yeyote mwingine wa tope, kwa kuwa kazi yake ni kuvunja magamba ya kaa. Hutembea kwa makundi, husimama akatazama, kisha hukimbia ghafla na kuinama. Mida hupata mamia yao katika msimu wa kaskazi.

Inapofika Aprili huanza kurudi kaskazini, kwenye visiwa na fukwe za mchanga za Ghuba, Oman, Bahari ya Shamu na Somalia, akazaliane katika miezi ya joto kali kabisa. Humo huchimba shimo refu mchangani na kutaga yai moja tu, jeupe, mwishoni mwa shimo, na joto la mchanga husaidia kuliatamia. Sijui ndege mwingine wa jamii ya vitwitwi anayefanya hivyo. Kinda hukaa shimoni akiletewa chakula, na hata akisha kuruka huwafuata wazazi wake katika safari ya kwenda Afrika, akaendelea kuwaomba chakula huko huko kwenu. Kwa hiyo mkimwona mla kaa mwenye rangi ya kijivu iliyofifia akimfuata mkubwa huku akilia, huyo alizaliwa huku kwetu mwaka uliopita na bado analelewa.

Waambie watoto kwamba majahazi ya wazee wetu yaliondoka Lamu, Mombasa na Unguja majira haya haya, kusi likianza, kuelekea bandari hizi hizi za Uarabuni. Mtoto wa pwani husikia habari za misimu nyumbani kabla hajazisoma shuleni, na naona ni vizuri aelewe uhamaji wa ndege kwa kuanzia hapo.

Mfungaji pete wa Malindi alijibu:

Mwalimu, waliotangulia wamesema kweli, nami, ninayewafunga ndege pete za utambuzi miguuni, nitaongeza lile linalonihangaisha kila mwaka ifikapo Aprili.

Ndege mnaokwenda kuwatazama wako katika wiki ngumu kuliko zote za mwaka wao. Mchukueni kitwitwi mmoja mdogo mwenye mdomo uliopinda kuelekea chini, Calidris ferruginea, ambaye huzaliana katika tundra, yaani nyika baridi isiyo na miti, ya Siberia, kaskazini kabisa mwa dunia. Kwa miezi mingi amekuwa wa kijivu asiyevutia jicho. Kuanzia Machi manyoya yake hubadilika, na kufikia katikati ya Aprili kifua na tumbo huwa na wekundu wa tofali, kiasi kwamba wanafunzi watadhani ni ndege mwingine. Wakati huo huo anakula bila kupumzika, kwa kuwa ndege huyu ambaye kwa kawaida hafiki gramu 60 hulazimika kuongeza uzito wake kwa theluthi na zaidi, na mafuta hayo ndiyo yatakayomvusha nchi kavu na bahari. Kila mara kundi linaporushwa na mtu, mbwa au mashua, sehemu ya mafuta hayo huteketea, na saa za kula zikipotea hazirudi, maana tope litafunikwa na maji.

Kwa sababu hiyo nakuomba usikubali shauri la kuingia na mashua hadi karibu na kundi ili watoto wapige picha. Nimeliona likitendwa mara nyingi, na kila mara ndege huruka wote. Kinachotosha ni kukaa kibandani na kusubiri.

Jambo la pili ni kuhusu wale vitwitwi wa kijivu mliowaona Mei. Ndege wengi wa ufukweni hawarudi kaskazini katika mwaka wao wa kwanza. Hubaki pwani yetu kusi lote bila kuvaa rangi za kuzaliana. Huenda mliona vijana hao, nao si ndege wagonjwa wala waliopotea njia, kama watu wengi wanavyodhani. Wanafunzi wako walikuwa wakitazama jambo la kweli bila kulijua.

Tena, Aprili si mwezi wa kuondoka tu. Kwenye mlango wa mto Sabaki, kaskazini ya Malindi, huanza kuwasili Glareola ocularis, ndege wa kahawia mwenye mabawa marefu kama ya mbayuwayu, ambaye huzaliana Madagaska na kuja kwetu kukaa hadi Septemba hivi. Hupumzika kwa mamia, na miaka mingine kwa maelfu, juu ya mafungu ya mchanga. Msituni Gede, ndani ya magofu yenyewe ya mji wa kale, hufika kutoka kusini Geokichla guttata, ndege wa ardhini mwenye madoa meusi kifuani, ambaye ni adimu sana na hupekua majani makavu kimyakimya. Ikiwa mna siku mbili, ya pili iwe ya Sabaki asubuhi na mapema na Gede baadaye. Sabaki kuna viboko, basi wanafunzi wasitawanyike, na mpate mwenyeji wa kuwaongoza, kwa sababu mafungu ya mchanga hubadilika kila msimu kutokana na udongo unaoletwa na mto.

Mwalimu wa Kilifi aliandika tena:

Nawashukuru kwa dhati. Nimetazama mwandamo wa mwezi na kuchagua siku ya bamvua katika wiki ya pili ya Aprili. Tutafika Mida saa saba mchana, na siku ya pili tutakwenda Sabaki kisha Gede. Mashua nimeifuta katika mpango. Limebaki swali moja: wanafunzi wangependa kuhesabu, ila ninahofia kwamba hesabu ya wanaoanza haitakuwa na maana yoyote.

Mwongozaji wa Watamu alijibu:

Itakuwa na maana ikiwa wataihesabu aina moja vizuri badala ya kumi kwa kubahatisha. Wape mla kaa. Mwanafunzi mmoja ahesabu kumi, akariri ukubwa wa kumi hao machoni, kisha apime kundi lote kwa kumi-kumi, na wawili wengine wafanye hivyo hivyo bila kuambiana, mpaka mwisho ndipo walinganishe. Waandike saa waliyoanza na waliyomaliza, hali ya maji, na idadi ya vijana wa kijivu kando na ya wakubwa. Matokeo yaingizeni katika Kenya Bird Map, au katika eBird, ambazo ni kumbukumbu za ndege za mtandaoni, ikiwa mmoja wenu ana akaunti.

Na kuhusu mashua, nakubaliana na Mfungaji pete, ingawa mimi mwenyewe nimewahi kuwapitisha wageni karibu kuliko ilivyofaa, kabla sijafahamu uzito wa jambo hilo. Siku hizi nikiwa majini mwezi wa Aprili huzima injini mbali, na ndege wa kwanza akiinua shingo kunitazama, narudi nyuma.