Mwamwindi alijipeleka mwenyewe polisi, sasa kamba ya nini?

Mha wa Mwandiga
Mwakeye wakuu. Juzi kwenye treni natoka Tabora narudi Kigoma, wazee wawili wamebishana kuanzia Urambo mpaka Uvinza kisa Mwamwindi wa Isimani, yule mkulima aliyemuua Dk. Klerruu, mmoja wa kofia anasema shujaa, eti kifo kile kiliwatisha wakubwa wakapunguza kasi ya vijiji vya ujamaa, mwingine anasema muuaji tu, behewa zima hatujalala. Mi Klerruu namjua kama chuo cha ualimu Iringa, basi. Swali langu, kama jamaa alijipeleka mwenyewe polisi kwa nini wakamnyonga?

Babu Ujiji
Kijana, hakujipeleka tu, alienda na maiti. Ilikuwa Krismasi, 25 Desemba 1971. Dk. Wilbert Klerruu, mkuu wa mkoa wa Iringa, msomi wa PhD na moto kwelikweli kwenye vijiji vya ujamaa, akaendesha gari mwenyewe mpaka shambani kwa Said Mwamwindi kule Mkungugu. Said ana mahindi yake na trekta, hataki kusikia habari ya shamba la pamoja. Wakapandishiana, jamaa akaingia ndani akatoka na bunduki. Akampakia marehemu kwenye gari lilelile la serikali, huyo Iringa mjini kituoni. Sisi tulisikia redioni, watu wakawa wanaongea kwa kunong'ona.

Karani wa Isevya
Kujisalimisha sio utetezi mdogo wangu. Sheria yetu ukipatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia jaji hana adhabu nyingine, ni kunyongwa tu. Kinachoweza kukuokoa ni uthibitishe ulichokozwa ukapandwa na hasira papo hapo, hapo inashuka inakuwa kuua bila kukusudia, au akili haikuwa sawa. Kesi ilikwenda Mahakama Kuu 1972, mbele ya Jaji Onyiuke, Mnigeria yule, haikushuka.

Mama Kasulu
Mi shujaa simuiti, mtu kafa siku ya sikukuu ana familia. Ila huyo anayesema kifo kile kiliwatisha wakubwa wakapunguza kasi, mbona mwaka uliofuata tu 1972 ikaja Operesheni Kigoma? Bibi yangu aliacha migomba yake inazaa akahamishiwa kijijini, na 1973 Mwalimu akasema kukaa vijijini ni amri.

Mha wa Mwandiga
Duh, kumbe yule mzee wa kofia alikuwa sahihi nusu. Bibi alirudi kwenye migomba yake au?

Mama Kasulu
Alirudi kuangalia tu. Nyani walishamaliza.