Sauti mbili, pesa moja ya bati

Mwalimu wa Makambako

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naomba ushauri, ila wale wa "omba tu dada" wanipishe kidogo, nimeshaomba.

Mimi na mume wangu tuna boma lililofika kwenye lenta tangu mwaka juzi. Kikoba kilipovunjwa nikajumlisha na kilichobaki kwenye mshahara, ikafika 1,850,000. Ni pesa ya kupaua: mbao na bati za geji 30, angalau upande wa vyumba, kabla mvua hazijakolea. Tofali zetu ni mbichi, na ukuta wa nyuma umeshaanza kulika.

Sasa Jumanne nilikuwa namenya viazi, sina habari na maombi, redio inatangaza bei ya mbolea. Likanijia neno, si sikioni, kifuani: "Kamkombolee wifi yako cherehani." Wifi yangu ni fundi nguo. Alichukua mkopo wa kausha damu, marejesho yakamshinda, wakaja wakabeba cherehani. Anadaiwa 340,000. Mimi na yeye hatusemeshani tangu kikao cha mirathi ya baba mkwe, na aliyoyatamka siku ile mbele ya ukoo siyaandiki hapa. Kwa hiyo nikakemea. Kweli kabisa, nilisema "toka kwa jina la Yesu" nikiwa na kisu cha viazi mkononi.

Ijumaa yake, kwenye semina, mhubiri mgeni akasimama: "Kuna mtu hapa ana pesa ya ujenzi ameificha. Bwana anasema ilete madhabahuni, naye atakujengea kwa mkono wake." Jasho likanitoka. Watu wakalia, wengine wakaenda mbele. Mimi nilibaki nimeshikilia kiti.

Sauti mbili, pesa ileile. Ya Bwana ni ipi? Au zote ni makelele ya kichwa changu?

Dereva wa Tunduma

Mwalimu, shetani ana kazi nyingi lakini sijawahi kusikia amemtuma mtu akapatane na wifi yake. Nenda kalipe.

Binti Sayuni

Mpendwa, uwe mwangalifu na wanaobeza watumishi. Mjane wa Sarepta alibakiwa na konzi ya unga, na Eliya akamwambia amfanyie yeye mkate kwanza. Angekaa kupiga hesabu angekufa yeye na mwanawe. Hilo jasho lililokutoka unadhani lilikuwa nini? Utii una gharama.

Mfamasia wa Moro

Jasho kwenye ukumbi uliojaa, spika kubwa, kinanda kinapigwa taratibu nyuma ya maneno? Mimi hutokwa jasho hata mechi ya Simba na Yanga, na hakuna aliyenitabiria.

Ila nami nina swali. Habari ya cherehani ulikuwa unaijua kabla ya Jumanne, siyo? Basi inawezekana ni dhamiri yako tu imekukumbusha jambo ulilolisukumia pembeni. Sisemi Mungu hakusema. Nasema usikimbilie kuiita sauti.

Mwalimu wa Makambako

Nilijua, mume wangu aliniambia. Lakini nilikuwa nimeshalifuta kichwani. Na kama ni dhamiri, mbona haikunisumbua muda wote ule?

Mzee wa Bukoba

Mwanangu, Mfamasia ameuliza vizuri, ila dhamiri na Mungu si wapinzani. Bwana hutumia habari tulizonazo. Yeremia aliambiwa kwamba Hanameli, mwana wa ami yake, angekuja kumwuzia shamba la Anathothi. Hakukimbia kutangaza. Hanameli alipofika kweli na maneno yaleyale, ndipo anaandika kwamba alijua neno lile ni la BWANA. Kasome Yeremia 32. Nabii mzima, na bado uhakika wake ulikamilika pale mtu aliposimama mlangoni. Kisha akapima shekeli 17 za fedha, akaandika hati, akaita mashahidi. Sijui kwa nini watu huruka hiyo sehemu ya hati na mashahidi.

Binti Sayuni, mjane umemtaja sawasawa, lakini rudi mistari michache. Mungu alimwambia Eliya kwamba ameshamwagiza mjane wa huko amlishe. Na ule unga ulipozidi, ulizidia kwenye pipa la mjane mwenyewe, nabii akiwa anakula palepale nyumbani kwake. Hakuondoka na gunia.

Tena kuna sura watu hawapendi kuihubiri, 1 Wafalme 13. Mtu wa Mungu kutoka Yuda aliambiwa asile mkate wala kunywa maji kule Betheli. Akaja nabii mzee akamwambia, "Nami ni nabii kama wewe, malaika amenena nami, rudi ule." Alimdanganya. Yule akarudi, akala, na simba akamwua njiani. Kosa lake ni kuacha neno alilolipokea mwenyewe kwa sababu ya cheo cha aliyekuja na jingine.

Sisi huku tumekulia kwenye uamsho, ule ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaingia Uganda na kwetu. Mama yangu alikuwa wa watu wale. Mtu akisema "Bwana amesema nami," ndugu hawakushangilia wala hawakumcheka. Walimwambia alilete nuruni, alisimulie mbele ya wenzake, wamuulize maswali. Ndicho Paulo anachotaka kule Korintho: manabii wanene wawili au watatu, "na wengine wapambanue." Na mara nyingi sauti ile iliwatuma watu mahali palepale pachungu: kurudisha kilichoibwa, kwenda kwa jirani waliyegombana naye. Ikikutuma kwenye sifa tu, mama alikuwa anauliza mara mbili.

Huyo mhubiri mgeni simhukumu, simjui. Lakini "kuna mtu hapa ana pesa ya ujenzi," ukiyasema kwenye ukumbi wowote Tanzania hii, nusu ya watu watainamisha vichwa. Lile la viazi lilitaja mtu na kitu. Na hata ukitaka kuitoa madhabahuni, Mathayo 5 imekuwekea utaratibu: iache sadaka yako mbele ya madhabahu, "upatane kwanza na ndugu yako, kisha urudi uitoe sadaka yako."

Mumeo amesemaje? Hujamtaja.

Mwalimu wa Makambako

Shikamoo mzee. Nimemwambia leo jioni, yote mawili. La semina akasema hapana kabla sijamaliza sentensi. La cherehani alinyamaza, akatoka nje, akarudi akasema yeye alitaka kuniomba hilohilo lakini aliogopa mdomo wangu. Nikakaa chini kabisa.

Kwa hiyo la viazi nalitii. Itabaki 1,510,000, tutapaua vyumba viwili, sebule tutaifunika turubai. Shida yangu ni wifi. Namjua. Nikimpelekea laki tatu na arobaini atanitupia mlangoni, au ataichukua aende nayo kwingine, maana wadai wake ni wengi.

Mzee wa Bukoba

Marahaba mwanangu. Usimpe yeye pesa, wala usiende peke yako. Mumeo atangulie kwa wakopeshaji akaulize deni kamili, hao huongeza riba kila wiki. Walipeni wenyewe, na risiti iandikwe jina la wifi yako, lako lisiwepo. Cherehani ikipakiwa kwenye bodaboda, hapo ndipo mwende wote wawili.

Dereva wa Tunduma

Na mkague kama sindano na kile kijumba cha uzi wa chini vipo kabla hamjasaini. Hao jamaa hunyofoa vitu.