Kapu wa Naivasha anadonoa lakini hanasi: kosa ni chambo au ndoano?

Mgeni_wa_Ziwa

Wakuu salaam. Nauliza kuhusu kapu, yule samaki (carp), si lile la nyanya. Ziwa Naivasha, Kenya, kutokea ufukweni, maji ya mita moja na nusu hadi mbili. Vifaa: fimbo ya futi 10, nailoni ya 0.35 mm, risasi ya gramu 80 inayoteleza kwenye uzi, ndoano namba 2. Chambo ni donge la ugali mgumu, ukubwa wa limau dogo, ndoano imefukiwa yote ndani.

Ncha ya fimbo inatikisika, inatulia, inatikisika tena. Nikivuta, hamna kitu. Nikikaa dakika 15 bila kuvuta, ndoano inarudi uchi. Nibadilishe chambo, au ndoano ni kubwa mno?

---

Bildi

Ndoano ni kubwa, ndiyo, lakini kosa lenyewe ni kuifukia. Kapu hana meno mdomoni. Meno yake yako kooni. Anafyonza chambo pamoja na tope, anapepeta, asichokipenda anakitema. Anaweza kulifyonza donge lako na kulitema mara tatu bila wewe kujua. Na hata ukivuta kwa wakati, ncha imezama kwenye ugali mgumu, haina pa kushika.

Itoe ndoano nje ya chambo. Waingereza Lenny Middleton na Kevin Maddocks walilitatua hili kuelekea mwaka 1980: chambo kinaning'inia kwenye kiuzi kifupi nyuma ya ndoano. Kiuzi hicho kinaitwa unywele, na majaribio ya kwanza yalitumia unywele wa mtu kweli. Kapu akifyonza chambo, ndoano tupu inakifuata mdomoni. Akitema, chambo kinatangulia na ncha inashika mdomo wa chini.

Kufunga: chukua uzi wa kusuka sentimita 40 na ndoano namba 6 (namba ikipanda, ndoano inapungua), shina fupi, tumbo pana. Mwisho mmoja wa uzi piga kitanzi kidogo, huo ndio unywele. Chomeka punje mbili za mahindi yaliyochemshwa, kisha weka kijiti kwenye kitanzi zisichomoke. Kipande cha chelewa cha milimita 4 kinatosha. Pitisha mwisho mwingine kwenye tundu la ndoano ukitokea mgongoni, vuta mpaka kati ya chambo na kipindo cha ndoano ibaki nafasi ya milimita 5 hadi 8. Bana unywele kwenye shina kwa kidole. Sasa zungusha uzi mrefu juu ya shina na unywele kwa pamoja, mizunguko 7 au 8 iliyogusana, ukishuka kuelekea kipindo. Halafu urudishe kwenye tundu, tena kutokea mgongoni, utokeze upande wa ncha. Lowesha kwa mate, kaza taratibu.

Sindano ya magunia isikushawishi, inapasua punje. Chukua sindano ndefu ya kawaida, saga upande mmoja wa tundu kwa tupa mpaka tundu liwe kingoe kidogo. Choma punje zote mbili, nasa kitanzi kwenye kingoe, telezesha punje zishukie uzi.

Jambo la mwisho ni risasi. Ikiteleza, kapu anaondoka na chambo bila kuhisi uzito wowote, ana muda wote wa kutema. Ikazie hapo hapo kwenye swiveli, kile kiungo cha chuma kinachozunguka kati ya uzi mkubwa na uzi wa ndoano. Ncha ikimchoma anashtuka, anakimbia, anakutana na gramu 80 zisizoachia, ndoano inazama yenyewe. Wewe huvuti kitu; unanyanyua fimbo tu.

---

Mama_Chubwi

Hayo ya unywele sina neno. Risasi kukaziwa kabisa nakataa. Uzi mkubwa ukikatikia kwenye mafunjo, samaki anaburuta risasi mpaka inanasa kwenye mizizi, anafia hapo. Risasi ishike kiasi cha kumchoma kapu, lakini iweze kuachia.

Njia ya bei rahisi: tumia plagi kuukuu mbili za gari badala ya risasi. Zifunge kwenye swiveli kwa kipande cha sentimita 10 cha nailoni dhaifu, 0.18 mm, wakati uzi wako mkubwa ni 0.35. Zikinasa, kiuzi chembamba ndicho kinachokatika, unapoteza vyuma chakavu tu na samaki anakuja. Wakati wa kurusha tupa kwa mzunguko wa pole, ukipiga kwa nguvu kiuzi kitakatikia hewani.

Pia, Mgeni, ndoano uchi baada ya dakika 15 huenda si kapu hata kidogo. Naivasha ina wale kamba wekundu wa Marekani (crayfish, wenye magamba na makucha), waliletwa mwaka 1970. Kamba akiwa kwenye chambo, ncha ya fimbo inatetemeka mfululizo, vitetemo vidogo, uzi hauendi popote. Kapu anagonga mara moja au mbili kwa uzito, halafu uzi unaondoka. Ugali kwa kamba ni uji; haudumu. Ukiwaona wengi, weka ndago (zile punje tamu zinazouzwa sokoni, si magugu ya shambani). Loweka saa 24, chemsha nusu saa, ziache kwenye maji yake siku moja au mbili mpaka yawe na utelezi. Kamba ataikwangua lakini hatoimaliza.

---

Mgeni_wa_Ziwa

Asanteni sana. Nimefunga. Shida mbili: nikining'iniza, ndoano inalala ubavu badala ya kugeuka. Na mahali penyewe ni tope laini. Plagi zinarudi na tope jeusi linalonuka.

---

Bildi

Ubavu: umerudisha uzi kwenye tundu kutokea upande wa ncha. Kata, funga upya. Jaribu hivi: laza ndoano kwenye kiganja, vuta uzi polepole kuelekea vidoleni. Ncha igeuke na kukwaruza ngozi kila mara. Ikiteleza bila kukwaruza mara moja kati ya tano, usiitupe majini. Na ijaribu ukali juu ya ukucha. Ikiteleza badala ya kuuma, ni butu. Mama_Chubwi, la plagi nimelikubali, ni bora kuliko nilivyosema.

---

Sponji

Kwenye tope ndiko mtego mzuri unakozikwa. Plagi zinazama, zinaburuta uzi wa ndoano, chambo kinafunikwa. Kwanza tafuta mahali pengine karibu: rusha plagi tupu bila ndoano, rudisha taratibu ukishika uzi kwa kidole. Zikija kwa kukwama na kuachia kama kijiko kwenye uji mzito, ni tope. Zikigonga-gonga kidogo, hapo ni pagumu. Kipande kigumu cha ukubwa wa meza kinatosha, weka alama kwenye uzi kwa nyuzi ya rangi ili kila ukirusha uangukie hapo.

Ukikosa pagumu: punguza uzito ubaki gramu 50, refusha uzi wa ndoano ufike sentimita 30, na kifanye chambo kiwe chepesi. Kata kandambili ya zamani, ile ya sponji ya njano kama unayo, vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi. Chomeka punje mbili za mahindi na kipande kimoja cha sponji juu. Weka kwenye beseni la maji pamoja na ndoano yake. Unataka kishuke polepole kama jani, ndoano iguse chini na chambo kisimame juu yake. Kikielea, punguza sponji kwa wembe; kikianguka kama jiwe, ongeza. Dakika mbili za beseni, wengi hawazifanyi. Faida nyingine ni kwamba kapu anapofyonza, chambo chepesi kinaingia kwa kasi na ndoano inafika mbali zaidi mdomoni.

---

Mama_Chubwi

Na chakula cha kuwaita, maana punje mbili peke yake ziwani ni kama kungoja daladala porini. Pumba ya mahindi kilo 2, mashudu ya alizeti nusu kilo, mahindi ya kuchemsha vikombe 2, molasi vijiko 3 vikubwa vilivyoyeyushwa kwenye maji. Nyunyiza maji kidogo kidogo, acha dakika 20 pumba inywe, kisha nyunyiza tena. Donge likibanwa kwa mkono mmoja lishikane. Likitiwa kwenye ndoo ya maji livunjike ndani ya dakika 5 hadi 10. Lisipovunjika umeweka maji mengi, ongeza pumba.

Tupa madonge sita mwanzoni, halafu moja kila baada ya kumpata samaki au kila nusu saa. Ukimwaga ndoo nzima, wanashiba kabla hawajafika kwenye ndoano yako. Ukitaka, pakia donge kuzunguka plagi zenyewe na uifiche ndoano pembeni mwake.

Mahindi makavu yasiende ziwani bila kuchemshwa. Loweka saa 24, chemsha mpaka punje ianze kupasuka, ndipo utumie. Kavu linavimba tumboni mwa samaki.

---

Bildi

Kwa wenye kamba wakorofi, kuna vidonge vya kuchemsha. Semolina gramu 250, unga wa soya gramu 250, kijiko cha unga wa omena. Piga mayai 5 au 6, tia unga kidogo kidogo mpaka uwe kama wa chapati usiogandia mkononi. Viringisha vidonge vya milimita 15, tumbukiza 20 kwa wakati mmoja kwenye maji yanayotokota, sekunde 90, vianike kwenye kitambaa. Siku moja kivulini kwa kawaida, siku tatu kama kamba ni wengi. Ukichemsha dakika nne vinakuwa mpira na harufu yote inabaki sufuriani.

---

Mgeni_wa_Ziwa

Breki ya rili niikazeje? Na wakati gani?

---

Sponji

Fimbo ikiwa kwenye egemeo, breki ilegee kiasi cha kuvuta uzi kwa vidole viwili bila fimbo kusogea. Ikiwa imekazwa, kapu akishtuka anaiburuta fimbo nzima majini. Ukishaishika, kaza robo mzunguko. Mdomo wake ni mlaini pembeni, ukimlazimisha unachanika. Usimnyanyue kwa uzi, mwingize kwenye wavu kichwa kikitangulia.

Asubuhi maji yametulia, unaona mapovu madogo yakipanda kwa mkururo. Hapo anachimba tope. Mchana upepo ukianza, geukia ufukwe unaopigwa na mawimbi, chakula kinasukumwa huko. Jua likikaribia kuzama, kunja. Viboko wanapanda malishoni kupitia njia zilezile zilizo wazi kwenye mafunjo, ambazo ndizo wavuvi wengi wanazipenda kwa kurushia. Ukiona njia pana iliyokanyagwa na ina kinyesi, hata iwe saa nne asubuhi, hiyo si sehemu ya kuweka kiti.